Sanduku la Mwalimu: Kapteni Sudi na maji ya bamvua

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, lakini moja imekuja katika bahasha ya kaki, kurasa 64 za mwandiko wa mkono, zimeshonwa ubavuni kwa uzi wa kofia. Nimezisoma zote, mara mbili, na ndizo zilizokula nafasi. Wengine mnisamehe, zamu zenu zitafika.

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 23, nakaa Micheweni, Pemba. Mchana namsaidia ami yangu dukani, usiku naandika. Riwaya yangu ni ya nchi ya kubuni, nimeiita Marijani. Ni nchi ya visiwa kama yetu, na mji wake mkuu, wenye watu laki mbili, umekaliwa na jeshi la wageni kwa miaka minne. Sura ya tisa ndiyo vita vya kuukomboa. Kapteni Sudi na vijana wake 300 wanavuka ghuba kwa ngalawa saa tano za usiku, mwezi kama sinia, wanashuka pwani, wanaingia mjini kimyakimya, na kabla ya adhana ya alfajiri maadui wote wameshauawa, bendera imepandishwa, watu wanalia kwa furaha. Hapo ndipo kitabu kinapoisha.

Nilimsomea rafiki yangu, akacheka. Akasema hiyo sinema, vita haviendi hivyo. Nimekasirika, lakini moyoni naona hakuongopa. Mwalimu, mji mkuu hasa hukombolewa vipi? Huchukua muda gani? Na nimalizie wapi, maana baada ya bendera sioni tena la kuandika.

Msomaji wako, Micheweni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Huyo rafiki yako mnunulie chai na mkate wa kumimina, kakuokoa na aibu. Ila hata yeye kosa kubwa limempita, na weye mtoto wa Micheweni, uliyekulia na bahari mlangoni, nimeshangaa umeliandika kwa mkono wako. Umesema mwezi kama sinia. Mwezi ukiwa sinia, maji ni ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Na bamvua ya kwetu, muulize mvuvi yeyote, hujaa kiasi cha saa kumi na hupwa kiasi cha saa nne, mchana kadhalika na usiku. Saa tano zako za usiku bahari imeshakwenda zake. Ngalawa za Kapteni Sudi zimelala ubavu mchangani, na mji uko kule mbali unawaka taa.

Utaniambia Marijani ni nchi ya kubuni. Sawa. Lakini umeipa mikarafuu, umeipa kusi na kaskazi, umeipa hata urojo. Basi na maji yake yaende na mwezi wetu.

Mimi sipendi kusema jambo la pwani nikiwa nimekaa kitini Wete. Bamvua iliyopita nilikwenda kwa wifi yangu, Kiuyu, anakolima mwani. Saa nne na nusu asubuhi tukashuka pwani na kijana wa jirani yake, nikamtwika kipolo cha mchele cha kilo 25 badala ya bunduki na risasi, nikamwambia atoke pale ngalawa zilipolala aende mpaka kwenye minazi, haraka awezavyo. Nikakaa juu ya jiwe na saa yangu. Alitumia dakika 34. Alianguka mara mbili, tope lilimfika nusu ya muundi, kandambili moja ikabaki humo na mpaka leo haijaonekana (nimeshailipa). Wanawake wa mwani walikuwa wanamuuliza kwa sauti mchele anampelekea nani huko. Sasa wachukue hao vijana wako 300, uwatoe juu ya mchanga mweupe, chini ya mwezi wa sinia, dakika 34, na adui yuko ukutani na rashasha. Utaandika nini tena baada ya hapo? Sura ya kumi itakuwa hitima.

Lakini usiifute ghuba. Iweke, ila uiheshimu. Tarehe 15 Septemba 1950, katika vita vya Korea, Jenerali MacArthur wa Marekani aliwashusha askari wake Incheon ili waende kuukomboa mji mkuu, Seoul, uliokuwa umetekwa na jeshi la Kaskazini tangu tarehe 28 Juni. Incheon maji yake hupanda na kushuka kiasi cha mita tisa. Ya kwetu bamvua kubwa ni mita nne na kitu, na tunaona vile inavyotuchezesha. Mwezi ulikuwa umeandama siku tatu nyuma, maji makubwa. Basi kikosi cha kwanza kilishuka asubuhi na maji, kikakamata kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari, Wolmi, halafu maji yakatoka. Wenzao walio melini hawakuweza kuwafuata, kumebaki uwanda wa tope. Wale wa kisiwani walikaa peke yao kutwa nzima mpaka maji ya jioni. Mwanangu, hiyo kutwa ndiyo sura ya tisa! Askari mia chache wamekaa juu ya kisiwa, wanatazama tope, wanahesabu saa, hawajui kama jioni itawakuta. Wewe uliyezoea kusubiri maji ndiye wa kuiandika, si mtu wa bara.

Na Seoul yenyewe? Kutoka pwani ni mwendo mdogo tu, kama kutoka Wete kwenda Chake, lakini iliwachukua karibu wiki mbili. Tarehe 29 Septemba MacArthur akamkabidhi Rais Syngman Rhee mji wake kwa sherehe na dua. Januari 1951 ukatekwa tena. Machi ukarudishwa tena. Mji mmoja umebadilisha wenyewe mara nne ndani ya miezi tisa. Nakupa hilo ulitafune polepole, kwa sababu weye bendera yako ikipanda mara moja imekwisha habari.

Sasa muda. Nitakupa mfano wa nyumbani. Kampala ya 1979 haikuwa sawasawa na Marijani yako. Amin alikuwa Mganda mwenyewe, na ndiye aliyeanza kwa kuivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Lakini jeshi lililokwenda ni letu, na ndani yake walikuwamo watoto wa visiwa hivi. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori katika JWTZ. Kila msimu wa karafuu tukikaa barazani kuchambua, mikono inanuka, mtu akimgusa kidogo tu alikuwa anaanza: Mutukula, Masaka, Lukaya. Mutukula, pale mpakani, ilichukuliwa Januari 1979. Kampala iliingiwa tarehe 10 Aprili, ikawa imeshikwa yote tarehe 11. Kutoka mpakani mpaka mjini ni kama kilomita 220 kwa barabara. Leo basi linakwenda kutwa moja na abiria wanateremka kula. Jeshi lilitumia karibu miezi mitatu, na sehemu kubwa ya askari walikwenda kwa miguu.

Nilimuuliza kwa nini. Akanicheka kama rafiki yako alivyokucheka. Akasema, "Dada, miye vita vyangu vyote vilikuwa tope na maharage." Kila kilomita jeshi linayosogea mbele, lori lina kilomita moja zaidi ya kwenda na moja ya kurudi. Mvua za masika zimeanza. Lori likikwama, nyuma yake yamekwama ishirini. Askari anasimama si kwa sababu ya kuogopa, anasimama kwa sababu unga haujafika. Katika kurasa zako 64 nimehesabu: hakuna mtu aliyekula. Kapteni Sudi amekunywa maji mara moja, ukurasa wa 12, na hayo pia alikunywa kwa huzuni.

Weye ni mtoto wa dukani, fanya hesabu. Mji una watu laki mbili. Wape kila mmoja nusu kilo tu ya chakula kwa siku, hiyo ni tani 100. Vipolo vya kilo 25, elfu nne. Duka la ami yako linatoa vipolo vingapi kwa siku? Jana yake adui ndiye aliyekuwa anauleta huo mchele, kwa wizi au kwa haki. Leo umemfukuza, kesho asubuhi watu laki mbili wanakutazama weye. Hii si falsafa yangu. Agosti 1944 Jenerali Eisenhower, mkuu wa majeshi ya Waamerika na wenzao, hakutaka kuingia Paris. Alitaka aupitie mji kando awafukuze Wajerumani, kwa sababu maofisa wake walimpigia hesabu kwamba kuulisha na kuuhudumia mji ule kungekula tani 4,000 kwa siku, na petroli ya vifaru vyake ilikuwa haitoshi. Wakaazi wenyewe ndio waliomlazimisha: walianza kupigana mitaani tarehe 19, na Jenerali Leclerc na Wafaransa wake wakaruhusiwa kwenda. Jioni ya tarehe 24 kikosi kidogo kikafika mbele ya jumba la manispaa, na wengi wa askari wale walikuwa Wahispania. Kengele za makanisa zikaanza kulia gizani. Kesho yake kamanda wa Wajerumani, von Choltitz, akasalimu amri.

Kitu kingine: Sudi wako hajashindwa hata dakika moja. Nani atamhofia? Pale Lukaya barabara inapita juu ya tuta, kinamasi kulia na kushoto. Usiku wa tarehe 10 Machi brigedi yetu ya 201 ilipigwa makombora ikatawanyika gizani. Ndiyo, ilikimbia, na kaka yangu hakuwa anaona haya kulisema. Brigedi ya 208, iliyokuwa imetumwa kuzunguka, ndiyo iliyorudi asubuhi ikawapiga adui ubavuni. Mpe Sudi usiku mmoja kama ule. Mpe asubuhi ya kuwahesabu wenzake na kukuta hawatimii.

Sasa nikushike pabaya. Umeandika "maadui wote wameshauawa". Wote! Umewafungia ndani, milango yote umeiziba. Paka akiingia jikoni kwako ukamfungia mlango na dirisha, hatatoka. Atakurukia usoni, na vyombo vyote vitavunjika. Mwenye akili humwachia mlango, kisha ndio hushika ufagio. Kampala wakubwa waliiacha wazi barabara ya Jinja, upande wa mashariki, ili Walibya waliokuja kumsaidia Amin wapate pa kupita. Walipita. Ndiyo maana Kampala yenyewe haikupiganiwa sana ikilinganishwa na Lukaya, na majumba yake mengi yalibaki yamesimama.

Geuza upande wa pili uitazame Manila, mji mkuu wa Ufilipino, Februari 1945. Jenerali Yamashita wa Japani hakutaka mji upiganiwe, lakini Admirali Iwabuchi na mabaharia wake walibaki ndani, na Waamerika walikuwa wameshakuja kaskazini na kusini, hakuna pa kutokea. MacArthur (huyo huyo wa Incheon) alitangaza mapema kwamba mji umeanguka. Vita vikaendelea mpaka tarehe 3 Machi. Nyumba kwa nyumba, ukuta kwa ukuta. Raia waliokufa wanakadiriwa laki moja, wengine kwa mikono ya Wajapani waliowachinja, wengine kwa mizinga ya hao hao waliokuja kuwaokoa. Laki moja, mwanangu. Nusu ya Marijani yako. Na weye umeandika kwamba hakuna mtoto aliyeamka usingizini.

Kwa hiyo amua. Sudi aache njia moja wazi, na aichague yeye. Halafu hapo hapo upate ugomvi wa kweli: yule Luteni wako mwenye hasira, aliyeuliwa baba yake, atakubali vipi kuwaona wauaji wanapanda magari wanaondoka, na yeye kaamriwa asipige? Ukurasa mmoja wa Luteni huyo amelala kwenye mtaro juu ya barabara, kidole kimekaa kwenye bunduki, magari yanapita moja moja, una thamani kuliko milipuko yote uliyoiandika. Milipuko nimehesabu 19.

Redio umeisahau kabisa. Tarehe 11 Aprili watu wa Uganda walijua kwa redio, sauti ya David Oyite-Ojok ikitangaza kwamba utawala wa Amin umekwisha. Wazee wetu waliokuwapo Januari 1964 nao hawahitaji kuelezwa jinsi redio inavyoweza kulala na sauti moja ikaamka na nyingine. Bendera huonwa na walio karibu na mlingoti. Redio humkuta mtu jikoni.

Nije kwenye mwisho, ndilo swali lako lenyewe. Baada ya bendera huoni la kuandika, kwa sababu umemtazama Sudi peke yake, na kazi ya Sudi imekwisha. Lakini ukurasa wa 41 kuna bibi umempa mistari mitatu tu, halafu ukamtupa. Anauza mandazi mbele ya kituo cha polisi cha adui. Umeandika kwamba "aliwauzia askari wa kigeni kila asubuhi, na chenji aliwarudishia bila ya kuwatazama usoni". Mstari huo nimeupigia kalamu nyekundu, na kalamu yangu nyekundu waliosoma kwangu skuli wanajua haikuwa kawaida kuleta habari njema. Safari hii imeleta.

Miaka minne bibi huyu kawauzia adui mandazi. Ana wajukuu, hana shamba, nani mwengine alikuwa na pesa? Mji ukishakombolewa, majirani watasema nini? Paris wanawake waliosemekana walikuwa na Wajerumani walinyolewa vichwa hadharani, watu wanacheka, na wengine katika hao waliokuwa wanacheka walikuwa wamefanya biashara kubwa zaidi na Wajerumani hao hao. Kwa hiyo asubuhi ile bibi anakanda unga kama kawaida au hakandi? Akitoka na beseni lake aende kukaa wapi, mbele ya kituo kile kile, ambacho sasa kina askari wa Sudi? Na mmoja akija na njaa tangu jana, atamlipa kwa pesa gani?

Hilo la pesa usilipuuze. Kaka yangu alisema Kampala, siku ya pili au ya tatu, mitaa ilikuwa imejaa watu wanabeba: mtu na godoro, mtu na viti vya ofisi, mmoja kafunga beseni la kuogea juu ya baiskeli na mwenziwe analishikilia nyuma lisianguke. Hakuna aliyewakataza. Yeye alikuwa na njaa, akamwona mama mmoja amekaa pembeni ya barabara, kimya, ana karanga za kuchemsha katika kikapu, kana kwamba vita havikupita. Akaomba za shilingi, akatoa noti ya Tanzania. Yule mama akaitazama mbele na nyuma, akamrudishia. Akamwambia hiyo haijui. Kaka yangu, na gari lake la jeshi, na ushindi wake, alikaa pale akibembeleza karanga. Mwishowe akambadilisha kwa sabuni. Alikuwa akifika hapo anacheka mpaka karafuu zinamwagika, lakini kila mwaka alikuwa akiisimulia hiyo, na kule Lukaya lazima aulizwe.

Basi sura ya kumi ni ya bibi wa mandazi. Nakushauri hata sura ya tisa umpe nusu: usiku ule yuko ndani, taa imezimwa, anasikia magari yanakwenda upande mmoja tu na hajui ni ya nani. Sudi apungue. Nakujua utauma meno. Kijana wa miaka 23 humpenda Kapteni wake. Mwache abaki, ila awe mmoja katika watakaokuja kununua mandazi.

Kurasa zako nimezirudisha kwa mkono wa dereva wa gari la Micheweni. Nilizosahihisha tahajia nimekunja pembe. "Bunduki" haina "h". Ukiandika upya niletee kabla karafuu hazijaanza kuchumwa. Nikishatandika majamvi ya kuanikia sina tena macho ya kusoma.

SWALI

Mwalimu, binti yangu aliandika katika insha kwamba jeshi "liliuteka" mji wake lenyewe. Mwalimu wake akakata, akaandika "liliukomboa". Mimi naona yote mamoja. Nani ana haki?

Mzazi, Bwejuu, Unguja

JIBU

Mwalimu ana haki, na binti asikate tamaa. Kuteka ni kuchukua kisicho chako kwa nguvu, au angalau ambacho mwenyewe hajakupa. Kukomboa ni neno la rehani. Umeweka mkufu wa dhahabu kwa mtu ukachukua pesa. Siku ukipata, unakwenda kuukomboa. Ni chako, kilikuwa mikononi mwa mwengine, na hukipati bure. Bibi yangu alikuwa akilitumia neno hili kwa mikarafuu tu, maana katika miaka ya 1930 mashamba mengi Unguja na Pemba yalikuwa rehani kwa wakopeshaji na wenyewe wanayachuma wakiyatazama kama ya watu. Ukimwambia bibi "mji umekombolewa" angeuliza kwanza: kwa shilingi ngapi, na nani katoa?

Ila mwambie binti alichunge neno. Wanaoingia husema wamekomboa, wanaotolewa husema wametekwa, na mwenye nyumba wakati mwengine hajaulizwa. Akiwa anaandika insha ya mtihani, aandike "liliukomboa".

SWALI

Bi Mwalimu, tulibishana barazani. Mwenzetu kasema mji wetu wa Unguja uliwahi kutwaliwa kwa vita vya chini ya saa moja. Sisi tumemkatalia. Soda tatu ziko hatarini.

Vijana wa baraza, Kwahani

JIBU

Lipeni soda. Ilikuwa tarehe 27 Agosti 1896. Sultani, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila ya ridhaa ya Waingereza. Wakampa mpaka saa tatu za asubuhi atoke. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga, na wengi huhesabu dakika 38 mpaka bendera ya kasri ilipoangushwa. Waliokufa na kujeruhiwa upande wa Khalid walikuwa kiasi cha 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Jahazi la vita la Sultani, Glasgow, lilizama pale pale bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini miaka mingi. Siku ile ile Sayyid Hamoud akakalishwa kitini, na waliokuwa upande wa Khalid wakalipishwa hata gharama za mizinga iliyowapiga.

Khalid mwenyewe alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Waingereza wakaweka askari nje: akikanyaga tu ardhi ya Unguja, wamkamate. Nyumba ile ilikuwa ukingoni mwa bahari. Tarehe 2 Oktoba ikaja meli ya vita ya Kijerumani, Wajerumani wakangoja maji yajae, mashua ikasogea mpaka mlango wa baharini, na Khalid akatia mguu mmoja mashuani, kisha wa pili, akaenda zake Dar es Salaam.